Usione Haya Kumwona Daktari: Bawasiri na Vinyama vya Njia ya Haja Kubwa

Yapo magonjwa ambayo sisi akina mama huyataja bila shida. Mtu akiumwa jino au mgongo, jirani atajua kabla jua halijatua. Lakini yapo mengine ambayo mama huyabeba peke yake miaka nenda miaka rudi, mumewe asijue, hata mama yake mzazi asiambiwe. Mojawapo ni ugonjwa wa njia ya haja kubwa. Siku moja mama huona damu chooni. Siku nyingine wakati wa kutawaza hugusa kinyama ambacho hakikuwapo. Tangu hapo huingiwa na hofu mbili: hofu ya kansa na hofu ya kisu. Juu ya hofu hizo huja aibu, naye hunyamaza.

Mwezi huu tumeona tulizungumze jambo hili waziwazi na kwa heshima, maana ukimya umewaumiza wengi. Wazee walisema mficha uchi hazai. Vivyo hivyo, anayeficha ugonjwa huu hapati tiba. Tungependa kila msomaji wetu ashike mambo mawili. La kwanza, vinyama vingi vinavyoota sehemu hiyo si kansa, na vina tiba, mara nyingi bila upasuaji wowote. La pili, hakuna mtu awezaye kujua ni kinyama gani kwa kukisia. Lazima kichunguzwe.

BAWASIRI NI NINI?

Wengi hudhani bawasiri ni kitu kigeni kilichoingia mwilini. Sivyo. Kila mtu, mwanamume kwa mwanamke, ana mafungu laini ya mishipa ya damu ndani ya njia ya haja kubwa. Yamekaa kama mito midogo, na kazi yake ni kuisaidia njia hiyo ifunge vizuri, hewa na choo visitoke ovyo. Mafungu hayo yakijaa damu kupita kiasi, na nyama inayoyashikilia ikalegea, huvimba na kushuka. Hapo ndipo tunasema mtu ana bawasiri.

Zipo za ndani na za nje. Za ndani hukaa mahali ambapo mtu hasikii maumivu ya kawaida, ndiyo sababu hutoa damu nyekundu mbichi bila kuuma. Za nje zimefunikwa na ngozi yenye hisia kali. Damu ikiganda ghafla ndani yake, hutokea uvimbe mgumu wa rangi ya zambarau unaouma hata mtu akashindwa kukaa.

Madaktari huzigawa bawasiri za ndani katika hatua nne. Katika hatua ya kwanza hutoa damu lakini hazitoki nje. Katika ya pili hutoka mtu anapojikamua, kisha hurudi zenyewe. Katika ya tatu hutoka, na lazima mtu azirudishe kwa kidole. Katika ya nne hubaki nje hata zikisukumwa. Msomaji azikumbuke hatua hizi, kwa kuwa daktari huzitazama anapochagua tiba.

KWA NINI SISI AKINA MAMA?

Bawasiri huwapata wanaume na wanawake, lakini sisi tuna sababu zetu za ziada. Wakati wa ujauzito utumbo hufanya kazi polepole na choo hukauka. Tumbo linapokua, uzito wake hukandamiza mishipa ya damu ya nyonga. Kisha huja leba na kule kusukuma. Haishangazi kwamba mama wengi huona kinyama kwa mara ya kwanza siku chache baada ya kujifungua.

Vidonge vya madini ya chuma tunavyopewa kliniki navyo huwafanya baadhi yetu wapate choo kigumu. Tafadhali usiviache, kwa maana vinakinga upungufu wa damu. Mweleze muuguzi shida yako ili akusaidie. Vidonge hivyo pia hufanya choo kiwe cheusi, na hilo peke yake lisikutie hofu. Lakini mtu asiyetumia vidonge hivyo akipata choo cheusi kama lami, aende hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa inaweza kuwa damu inayotoka tumboni.

Halafu kuna maisha yetu ya kila siku. Mama huamka alfajiri, huwasha moto, huwaandaa watoto, hukimbilia shambani, sokoni au ofisini. Haja ikimjia huiahirisha. Maji hunywa kidogo. Chakula ni ugali wa sembe nyeupe na mboga kijiko kimoja, kwa sababu mboga nyingi zimekwenda kwa baba na watoto. Choo hukaa siku tatu, kikitoka ni kigumu kama jiwe, naye hujikamua. Bawasiri nyingi huanzia hapo.

SI KILA KINYAMA NI BAWASIRI

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu huona uvimbe, huambiwa na jirani kuwa ni bawasiri, naye hununua dawa ya bawasiri. Kumbe vipo vitu vingi vinavyoweza kuota mahali hapo.

Kuna vipande vya ngozi vilivyolegea, ambavyo mara nyingi hubaki baada ya bawasiri ya nje kupona. Havina madhara. Hukatwa tu ikiwa vinamsumbua mtu katika usafi.

Kuna mchaniko wa ngozi unaoletwa na choo kigumu. Huu huuma vikali kama kukatwa na wembe wakati wa haja, na pembeni yake huweza kuota kinyama kidogo. Ukikata kinyama ukauacha mchaniko, hujatibu kitu.

Kuna masundosundo, yaani vinyama vidogo vidogo vinavyokusanyika kama ua la koliflawa. Huletwa na virusi viitwavyo HPV ambavyo huambukizwa kwa kugusana ngozi, hasa katika tendo la ndoa. Mwanamke anaweza kuvipata sehemu ya haja kubwa hata kama hajawahi kuingiliwa huko. Tena virusi hivyo huweza kukaa mwilini miezi au miaka bila kuonekana. Kwa hiyo tusikimbilie kuwashutumu wenzetu wa ndoa. Vinyama hivi huondolewa kwa dawa maalumu za kupaka, kwa kugandishwa, kwa kuchomwa kwa umeme au kwa kukatwa. Moja ya dawa za kupaka, podofilini, haitumiwi kwa mama mjamzito. Mwenye masundosundo hushauriwa pia apime virusi vya Ukimwi na achunguzwe mlango wa kizazi. Na mtoto mdogo akionekana na vinyama vya namna hii apelekwe kwa daktari mara moja, bila kufichaficha, ili ijulikane vilitoka wapi.

Kuna vinyama bapa vyenye unyevu vinavyoletwa na kaswende. Kwa macho ya mtu wa kawaida hufanana na masundosundo, lakini hivi havihitaji kisu hata kidogo. Hupona kwa sindano za penisilini.

Kuna vinyama viotavyo ndani zaidi, kwenye ukuta wa utumbo mpana, viitwavyo polipu. Vingine havina neno, lakini vingine vikiachwa miaka mingi hugeuka kuwa kansa. Ndiyo maana huondolewa na kupimwa. Watoto nao hupata polipu, na damu isiyo na maumivu katika choo cha mtoto mara nyingine hutoka huko. Bawasiri ni nadra kwa mtoto.

Tena si kila damu hutokana na kinyama. Kuhara damu huweza kuletwa na amiba au vijidudu vingine. Kwa wenzetu wanaoishi kando ya Ziwa Victoria, kichocho cha tumbo huweza kuleta damu katika choo, na tiba yake ni vidonge vya prazikwanteli.

KANSA JE?

Tuseme wazi: bawasiri haigeuki kuwa kansa. Lakini kansa ya utumbo mpana au ya njia ya haja kubwa huweza kuanza kwa dalili ile ile ya damu, na mtu mmoja anaweza kuwa na bawasiri na kansa kwa wakati mmoja. Hatari ya kuficha ni hiyo. Mama hujitibu bawasiri mwaka mzima, kumbe kilichokuwa kikitoa damu ni kitu kingine kilichokuwa kikiendelea kukua.

Muone daktari bila kukawia ikiwa damu imechanganyika na choo chenyewe, si kudondoka juu yake tu. Vilevile ikiwa choo chako kimebadilika kwa majuma kadhaa, mara kuhara mara kufunga. Ikiwa unakonda bila sababu. Ikiwa unahisi haja haijaisha hata baada ya kutoka chooni. Ikiwa kinyama ni kigumu, kina kidonda na kinazidi kukua. Au ikiwa katika ukoo wenu yupo aliyepata kansa ya utumbo.

Hata bawasiri yenyewe isidharauliwe. Tuchukue mfano wa mama anayetokwa na damu kidogo kila aendapo haja. Kidogo kidogo hujaza kibaba. Baada ya miezi mingi huanza kuchoka, moyo kwenda mbio akipanda mlima, viganja kuwa vyeupe. Akishika mimba katika hali hiyo, ataingia leba akiwa na damu pungufu, na damu atakayopoteza siku ya kujifungua huweza kuhatarisha maisha yake.

UCHUNGUZI HUFANYWAJE?

Wengi wetu tunaogopa chumba cha uchunguzi kuliko ugonjwa wenyewe. Kwa kweli uchunguzi ni wa dakika chache. Daktari huuliza maswali, kisha hukuomba ulale kwa ubavu wa kushoto, magoti umeyakunja, shuka likiwa limekufunika. Hutazama sehemu ya nje, huingiza kidole kilichovikwa glavu yenye mafuta, kisha akiona haja hutumia bomba fupi lenye taa ili aone ndani. Bawasiri za ndani huwa laini, na kidole peke yake huweza kuzikosa. Mwenye dalili za kutia shaka, au mwenye umri mkubwa, hupelekwa kwenye kipimo cha kutazama utumbo mpana wote.

Una haki ya kuomba muuguzi wa kike awepo chumbani, na mahali alipo daktari wa kike unaweza kumwomba yeye. Kwa daktari, sehemu hiyo ni sawa na sikio au koo.

KABLA YA KISU

Bawasiri za hatua ya kwanza na ya pili nyingi hutulia kwa kubadili mazoea. Kula vyakula vyenye nyuzinyuzi: ugali wa dona badala ya sembe, maharage, mchicha, matembele, mapapai, maembe, machungwa pamoja na nyama zake. Kunywa maji ya kutosha. Haja ikikujia nenda, usiiahirishe. Usikae chooni muda mrefu, wala usijikamue. Kukaa katika beseni la maji ya uvuguvugu robo saa, mara mbili au tatu kwa siku, hupunguza maumivu. Kwa mama mjamzito tiba ndiyo hii, maana bawasiri nyingi za ujauzito hunywea zenyewe majuma machache baada ya kujifungua. Kwa sababu hiyo madaktari hawapendi kumpasua mjamzito isipokuwa kwa dharura.

Hayo yakishindikana, ipo njia ya kufunga bawasiri kwa kipete kidogo cha mpira. Njia hii ilienezwa na daktari James Barron wa Detroit, Marekani, katika mwaka 1963. Kipete hubana shina la bawasiri, damu haifiki tena, kinyama hukauka na kudondoka baada ya siku kadhaa. Hufanyika bila nusu kaputi, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Lakini baadaye akipata maumivu makali, homa au kushindwa kukojoa, arudi hospitali upesi.

UPASUAJI WENYEWE

Upasuaji hubaki kwa wachache: wenye bawasiri za hatua ya tatu na ya nne, au wale ambao njia nyingine zimeshindwa. Na mtu asidhani yeye ndiye wa kwanza duniani. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alipasuliwa mwaka 1686 kwa ugonjwa wa fistula ya njia ya haja kubwa. Mwandishi Charles Dickens alipasuliwa ugonjwa huo huo London mwaka 1841, miaka kadhaa kabla dawa ya usingizi haijaanza kutumika. Daktari aliyempasua, Frederick Salmon, alikuwa amefungua mwaka 1835 hospitali ndogo yenye vitanda saba kwa ajili ya maskini wenye magonjwa ya sehemu hiyo. Hospitali hiyo, St Mark's, ndiyo walikofanya kazi Milligan na Morgan, ambao mwaka 1937 walieleza upasuaji wa bawasiri unaotumika hata leo.

Siku ya upasuaji mgonjwa hupewa sindano ya ganzi mgongoni au nusu kaputi, kwa hiyo hasikii maumivu. Hulazwa miguu ikiwa imeinuliwa, kama mama anayejifungua. Daktari hukata kila bawasiri, hufunga mshipa unaoipelekea damu, na huacha vipande vya ngozi nzima kati ya kidonda na kidonda ili njia isije ikabanwa na makovu. Kwa njia ya Milligan na Morgan vidonda huachwa wazi vipone vyenyewe. Kwa njia nyingine, iliyoelezwa na Ferguson mwaka 1959, vidonda hushonwa. Kazi yote kwa kawaida haizidi saa moja.

Mwaka 1998 daktari Antonio Longo wa Italia alileta njia ya kutumia mashine inayokata na kushona kwa pini ndogo. Maumivu yake ya siku za mwanzo ni machache, lakini bawasiri hurudi zaidi. Utafiti uliofanywa Uingereza kwa wagonjwa 777, ukatangazwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa baada ya miaka miwili waliokatwa kwa njia ya zamani walikuwa na hali nzuri kuliko waliofanyiwa kwa mashine. Kwa hiyo ukiambiwa hospitali yako haina mashine hiyo, usidhani umepewa tiba duni.

Uliza pia kama kinyama kitakachokatwa kitapelekwa maabara, hasa kama kina sura isiyo ya kawaida. Jibu la maabara ndilo linaloondoa hofu ya kansa.

BAADA YA UPASUAJI

Hatutaki kumdanganya msomaji. Majuma mawili ya kwanza yana maumivu, na haja ya kwanza ndiyo inayoogopwa zaidi. Lakini kuizuia huongeza shida. Daktari hutoa dawa za maumivu na dawa ya kulainisha choo, nawe uendelee na maji, matunda na beseni la maji ya uvuguvugu. Mama anyonyeshaye amweleze daktari mapema, kwa sababu dawa nyingine za maumivu, kama kodeini, hazimfai, tena hufunga choo.

Vaa pedi, kwa kuwa damu kidogo au majimaji hutoka kwa siku kadhaa. Kazi nyepesi huweza kurudiwa baada ya juma moja au mawili, na vidonda hupona kabisa kwa muda wa majuma manne hadi sita. Katika siku hizo mama asichote maji, asibebe kuni wala mtoto mzito. Hapa tunawaomba akina baba na watoto wakubwa wasaidie kwa moyo.

Rudi hospitali ukipata homa, ukishindwa kukojoa, au damu ikitoka kwa wingi. Ujue kuwa damu nyingi huweza kutoka hata baada ya juma moja au siku kumi, wakati mtu anajiona amepona. Mara chache upasuaji huacha njia imebana, au mtu hushindwa kuzuia hewa na choo. Kwa hiyo kazi hii ifanywe na daktari aliyefunzwa.

JIHADHARI NA DAWA ZA KUUNGUZA

Mitaani wapo wanaojitangaza kuwa wanaondoa bawasiri bila upasuaji. Wengine hupaka au kudunga dawa kali inayounguza. Kinyama huweza kweli kudondoka, lakini dawa hiyo haichagui. Huunguza na ngozi nzima, hata misuli inayobana haja. Kovu linapokauka njia hujikunja, na mama aliyekuwa na kinyama kidogo sasa hapati choo kabisa. Wengine hulazimika kutolewa utumbo tumboni ili choo kipitie huko, kisha wafanyiwe upasuaji mkubwa kuliko ule walioukimbia. Wala mtu asijikate mwenyewe kwa wembe, wala asifunge kinyama kwa uzi.

TUWAFUNDISHE NA BINTI ZETU

Kinga huanzia jikoni na katika malezi. Tumzoeze mtoto kula mboga na matunda, kunywa maji na kwenda haja inapomjia, hata akiwa shuleni. Binti zetu wapewe chanjo ya HPV, ambayo Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019. Imeletwa hasa kwa ajili ya kukinga kansa ya mlango wa kizazi, lakini baadhi ya aina zake hukinga na masundosundo pia.

Zaidi ya yote, tuwazoeze watoto kuutaja mwili wao bila matusi na bila aibu. Msichana aliyezoea kumwambia mama yake kwamba ameona damu, akiwa mtu mzima hatashindwa kumwambia daktari. Na wewe dada unayesoma ukurasa huu huku ukijua kuna jambo umelificha, juma hili mwambie mtu mmoja unayemwamini, akusindikize hospitali. Ukifika dirishani si lazima kueleza mbele ya foleni. Sema tu kwamba una tatizo la kike la siri na unaomba kumwona daktari. Mengine utayasema ndani, mlango ukiwa umefungwa.